Maji ya chupa: nishati nyingi haimo kwenye maji

Lita moja ya maji ya bomba, ukijumlisha kuyavuta mtoni au kisimani, kuyachuja, kuyatia klorini na kuyasukuma hadi nyumbani, hutumia nishati ya takriban kilojouli 5. Kwa kiasi hicho taa ya wati 10 huwaka dakika nane tu. Lita hiyohiyo ikiingia kwenye chupa ya plastiki, ikafungashwa, ikapanda lori, ikakaa kwenye friji la duka na mwishowe ikanywewa, hesabu hupanda hadi kilojouli 5,600, na mara nyingine huvuka 10,000. Maji yenyewe hayajabadilika sana. Karibu nyongeza yote imetoka kwenye vitu vinavyoyabeba.

Hesabu hizo zilifanywa na Peter Gleick na Heather Cooley wa Pacific Institute, taasisi ya utafiti ya Oakland, California, wakazichapisha mwaka 2009. Waliifuata chupa hatua kwa hatua, tangu plastiki inapotengenezwa hadi maji yanapopozwa, wakichukua mfano wa maji yanayouzwa Los Angeles: mengine yamejazwa jirani, mengine yametoka Ufaransa, mengine Fiji. Walipata megajouli 5.6 hadi 10.2 kwa kila lita, na megajouli moja ni kilojouli 1,000. Ni mara 1,000 hadi 2,000 ya nishati ya maji ya bomba. Ukiigeuza kuwa mafuta ghafi, ambayo lita yake moja ina takriban megajouli 38, unapata mililita 150 hadi 270 za mafuta kwa kila lita ya maji. Namba hizi zimezunguka sana mitandaoni tangu hapo, lakini anayezirudia ni nadra kueleza ndani yake mna nini. Tuzifungue.

Kwanza tuondoe yasiyo na uzito. Kusafisha maji kiwandani, hata yakipitishwa kwenye vichujio, ozoni na miale ya urujuanimno, hakuzidi megajouli 0.02 kwa lita. Kujaza, kufunika na kubandika lebo ni kama 0.01. Hata kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, kazi ambayo wahandisi wa maji huilalamikia kwa kula umeme, siku hizi huhitaji kilowati-saa 3 hadi 4 kwa lita 1,000. Yaani kilojouli 11 hadi 14 kwa lita. Kwa hiyo anayedhani maji ya chupa yanagharimu nishati nyingi kwa sababu yanasafishwa mno amebisha mlango usio wake. Tena baadhi ya chapa huanza na maji ya bomba yenyewe. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba Dasani iliyokuwa ikiuzwa Uingereza ilikuwa maji ya mfumo wa umma wa Sidcup, kusini-mashariki mwa London, yaliyosafishwa upya. Na kilichoifanya iondolewe madukani ni bromati iliyozidi kiwango cha sheria, kemikali iliyozaliwa humohumo kiwandani wakati wa usafishaji huo wa pili.

Mzigo mkubwa wa kwanza ni chupa yenyewe. Karibu chupa zote za maji ni plastiki ya aina ya PET. John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waliigundua Manchester mwaka 1941 wakitafuta nyuzi za nguo, na hadi leo nguo za poliesta ni PET ileile. Chupa ilikuja baadaye: Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont alipata hataza yake mwaka 1973, baada ya kutafuta njia ya kuivuta plastiki hiyo ili ihimili mgandamizo wa soda. Malighafi zake zinatoka kwenye mafuta ghafi na gesi asilia. Sehemu moja hugeuzwa kuwa asidi ya tereftaliki, nyingine kuwa ethilini glaikoli, kisha zote mbili huunganishwa kwenye joto linalokaribia nyuzi 280 za Selsiasi. Kinachotoka hukatwakatwa kuwa punje.

Punje hizo hazijawa chupa bado. PET hunyonya unyevu wa hewani, na ikiyeyushwa na unyevu wake minyororo ya molekuli hukatika, chupa ikawa dhaifu. Kwa hiyo hukaushwa kwanza kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 160 au zaidi. Ndipo huyeyushwa tena na kusukumwa kwenye kalibu, zikatoka neli fupi nene ambazo tayari zina shingo yenye nyuzi za kufungia kifuniko. Neli husafirishwa hadi kiwanda cha maji. Huko hupashwa moto kama nyuzi 100, huvutwa kwa chuma kirefu, na kupulizwa kwa hewa yenye mgandamizo unaoweza kufika bar 40, zaidi ya mara 15 ya ule wa tairi la gari dogo. Mashine za kubana hewa ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme katika kiwanda cha namna hii. Mgeni akitembelea kiwanda huonyeshwa vichujio. Angeonyeshwa chumba cha kompresa angeelewa zaidi.

Kwa ujumla kilo moja ya chupa za PET humeza takriban megajouli 100, robo tatu hivi zikiwa kwenye plastiki na zilizobaki kwenye kuiumba. Sehemu ya nishati hiyo imelala ndani ya plastiki, kwa kuwa imetengenezwa kwa kitu ambacho kingeweza kuchomwa. Lakini ukiichoma kilo hiyo kwenye tanuri la kuzalisha umeme unapata joto la megajouli 23 tu. Zile nyingine zimekwisha kwenda.

Kwa hiyo uzito wa chupa una maana kubwa kuliko maandishi ya kijani kwenye lebo. Wakati Gleick na Cooley wanaandika, chupa ya lita moja ilikuwa na karibu gramu 38, sawa na megajouli 4. Viwanda vimezipunguza tangu wakati huo. Marekani, chupa ya nusu lita iliyokuwa na gramu 19 hivi mwaka 2000 ilikuwa imeshuka chini ya gramu 10 ilipofika katikati ya miaka ya 2010, na ndiyo maana chupa za sasa huminyika mkononi zikimwaga maji ukizifungua kwa nguvu. Gramu 20 kwa lita ni megajouli 2. Anayenukuu namba za 2009 bila kulitaja hili anatia chumvi, na watengenezaji wana haki ya kulalamika. Pamoja na hayo, chupa tupu peke yake, kabla haijasogea hata hatua moja, bado imekula mara 400 ya nishati ya maji ya bomba. Na hapo hatujagusa kifuniko, ambacho ni plastiki ya aina nyingine, wala nailoni ya kufungia chupa pamoja. Chupa ndogo ndizo mbaya zaidi, maana lita moja ikigawanywa kwenye chupa nne inavaa plastiki nyingi kuliko ikikaa kwenye moja.

Mzigo wa pili ni barabara, na huu haupungui kwa kupunguza plastiki. Lita moja ya maji ni kilo moja, iwe imo kwenye chupa nyepesi au nzito. Juisi huweza kukaushwa, maziwa yakafanywa unga. Maji hayana ufupisho. Hesabu yake ni rahisi: kusafirisha kilo moja kwa kilomita 1,000 ni sawa na kusafirisha tani moja kwa kilomita moja, na lori kubwa hutumia kama megajouli 2 hadi 3.5 kwa kazi hiyo. Yaani chupa iliyosafiri kilomita 1,000 kwa lori imeongeza nishati inayolingana na ya plastiki yake, au kuizidi. Meli hutumia takriban moja ya kumi ya lori kwa mzigo na umbali uleule. Ndiyo maana maji yaliyovuka bahari kilomita 9,000 hayako nyuma sana ya yale yaliyopelekwa kilomita 900 kwa barabara, jambo linalowashangaza wanaopenda kucheka maji ya kutoka visiwa vya mbali. Kichekesho kipo, ila kiwaguse pia wenye chemchemi ya nchini mwao iliyo upande wa pili wa bara.

Friji huongeza megajouli 0.2 hadi 0.4. Kushusha joto la lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 5 ni kuondoa kilojouli 84 tu. Gharama iliyobaki ni ya kuyaweka yabaki baridi siku baada ya siku nyuma ya mlango wa kioo unaofunguliwa kila dakika.

Kuna pia maji yanayotumika kutengeneza maji. Chama cha wafanyabiashara wa maji ya chupa cha Marekani kilitangaza mwaka 2013 kwamba wanachama wake hutumia lita 1.39 kupata lita moja ya kuuza. Pacific Institute, ikihesabu na maji ya kutengenezea chupa, ilikadiria lita 3. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwani kila upande umechora mpaka wa hesabu mahali pake. Ukilinganisha na kilimo cha umwagiliaji, maji yote ya chupa duniani ni tone. Lakini kisima hakijui wastani wa dunia. Kiwanda kikivuta usiku na mchana kutoka tabaka moja la maji ya ardhini, wanaochota tabaka hilohilo ndio wanaoona kina kikishuka.

Kisha chupa inanywewa, kwa dakika chache, na maisha yake marefu yanaanza. Taasisi ya maji ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilikadiria katika ripoti ya 2023 kwamba mauzo ya maji ya chupa yalifika lita bilioni 350 mwaka 2021, yakiacha takriban chupa na madumu bilioni 600 ya plastiki, sawa na tani milioni 25 za taka ya PET, sehemu kubwa ikiishia majaani au kuzagaa tu.

Urejelezaji basi? Ujerumani, tangu 2003, mnunuzi huweka amana ya senti 25 za yuro kwa chupa ya kutupwa na kurudishiwa akiirejesha, na zaidi ya chupa tisa kati ya kumi hurudi. Umoja wa Ulaya umezitaka nchi wanachama zikusanye asilimia 90 ya chupa za plastiki ifikapo 2029. Utaratibu wa amana unafanya kazi, na unafanya kazi kwa sababu unatumia pesa badala ya mahubiri. Shida ni kwamba urejelezaji unagusa kipande kimoja tu cha hesabu yetu. Punje zilizorejelezwa zinaokoa zaidi ya nusu ya nishati ya punje mpya, lakini lazima zikaushwe, ziyeyushwe na kupulizwa vilevile, na lori linakula mafuta yaleyale. Chukua chupa nyepesi ya lita moja iliyosafiri kilomita 1,000: ya plastiki mpya itakuwa na kama megajouli 4, ya plastiki iliyorejelezwa yote kama 3. Nafuu ipo. Ila maneno "chupa hii ni ya plastiki iliyorejelezwa kwa asilimia 100" humfanya mnunuzi aamini amefika mahali ambako hajafika.

Wapo wanaokimbilia kioo kwa kuwa kinaonekana safi na cha asili. Kioo huyeyushwa kwenye tanuri la nyuzi zinazokaribia 1,500, na chupa yake hukaribia nusu kilo pale ambapo ya plastiki ni gramu chache. Ikitumika mara moja na kutupwa, kwa kawaida huwa mbaya kuliko PET. Inaanza kulipa ikirudi kiwandani na kujazwa tena mara nyingi, na kiwanda kisiwe mbali. Wengine hukimbilia makopo ya aluminiamu, lakini aluminiamu mpya hula kilowati-saa 13 hadi 15 za umeme kwa kilo, ingawa iliyorejelezwa huhitaji asilimia 5 tu ya nishati hiyo.

Mpaka hapa nimelinganisha chupa na bomba, kana kwamba kila mtu ana bomba la kuaminika. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma salama ya maji ya kunywa. Kwao ushindani ni kati ya chupa na sufuria, na hapa hesabu inageuka kwa namna ambayo waandishi wengi wa mazingira huikwepa.

Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojouli 314, endapo hakuna joto linalopotea. Birika la umeme hupoteza kidogo. Jiko la gesi hupoteza kama nusu, kwa hiyo hesabu inakaribia 600 au 700. Moto wa kuni kwenye mafiga matatu huingiza kwenye sufuria moja ya tano hadi moja ya kumi tu ya joto lake, na hapo lita moja inafika megajouli 1.6 hadi 3.1. Namba hizo zinakaribiana na za chupa nyepesi ya plastiki iliyojazwa jirani. Anayechemsha kwa kuni hatumii nishati kidogo kuliko chupa, na juu ya hayo anavuta moshi. Sehemu ya gharama hiyo ni ya bure kabisa: Shirika la Afya Duniani linasema maji yakishatokota kwa mapovu makubwa vijidudu vimekufa, unaweza kuyaepua, kuyaacha yatokote dakika 20 zaidi ni kuchoma kuni kwa ajili ya mvuke.

Njia za bei rahisi kwa nishati ni zile zisizochemsha: klorini kwa kipimo sahihi, kichujio cha udongo wa kufinyangwa, na ile inayonifurahisha kuliko zote, jua. Taasisi ya Eawag ya Uswisi ilieneza mbinu ya kujaza maji yasiyo na tope kwenye chupa ya PET inayopitisha mwanga na kuilaza juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, hadi miale iue vijidudu. Chupa ileile iliyokwisha kulipiwa megajouli zake inageuka kuwa mtambo. Haiondoi floridi, aseniki wala kemikali nyingine, na kuchemsha pia hakuziondoi.

Katikati ya chupa ndogo na bomba kuna dumu kubwa la lita 19 linalorudishwa. Likiwa na gramu 750 na likajazwa mara 40, kila lita inabeba kama gramu moja ya plastiki, sawa na megajouli 0.1. Baada ya hapo kilichobaki ni maji ya moto ya kuliosha na lori la kwenda na kurudi, kwa hiyo dumu la karibu ni jambo jema na dumu la mbali ni maji ya chupa kwa jina jingine.

Na usalama? Bomba lililosafishwa vizuri lina klorini, na klorini hukutana na mabaki ya mimea ikazaa kemikali ziitwazo trihalomethani, zinazohusishwa na saratani ya kibofu. Watafiti wa ISGlobal, taasisi ya utafiti wa afya ya Hispania, walipima hili Barcelona mwaka 2021. Wakaazi wote wakihamia maji ya chupa, walikokotoa, nafuu ya afya ingekuwa wastani wa saa mbili za maisha kwa kila mtu katika maisha yake yote, na madhara kwa mifumo ya ikolojia yangekuwa mara 1,400 ya yale ya maji ya bomba. Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliripoti mwaka 2024 kwamba walihesabu wastani wa chembe 240,000 za plastiki katika lita ya maji ya chupa, asilimia 90 zikiwa ndogo kiasi cha kuitwa nanoplastiki. Madhara yake kwa mwili bado yanachunguzwa. Ila anayelipia chupa kwa sababu ya usafi ajue ananunua na hizo.

Serikali na taasisi zilizoamua kuchukua hatua zimejifunza kwamba chupa haiondoki kwa kupigwa marufuku peke yake. Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, kilisimamisha uuzaji wa maji ya chupa mwanzoni mwa 2013, kikiwa kimeandaa mabomba ya kujazia. Watafiti waliofuatilia mizigo iliyoingia chuoni waliona idadi ya chupa kwa kila mtu ikiongezeka. Wanafunzi waliokuwa wakinunua maji walinunua soda na vinywaji vingine vya sukari, na kila chupa ya namna hiyo ilifika na plastiki yake, safari yake na friji lake, pamoja na nishati ya kulima na kusindika sukari iliyomo.